Fundi wa sare ana kazi gani kwa wafuga kuku?

"Ninashona sare za shule hapa Nakuru. Nina vyerehani vitano na vijana watatu wa kudumu, na wateja wangu wengi ni wazazi wa upande wa Njoro na Molo. Taabu yangu ni ile ile kila mwaka. Januari watu wananizonga mpaka usiku wa manane na bado nawarudisha wengine. Kuanzia Machi vyerehani vinakaa tu na kodi inaendelea. Nimehudhuria warsha za mafundi na maonyesho ya mitindo, lakini huko kila mtu analia kilio changu. Mwalimu mmoja wa biashara akatuambia twende kwenye hafla za watu wa kazi nyingine, ndiko mawazo mapya yaliko. Nikaenda kongamano la teknolojia Kisumu, nikalipa Sh4,000 na nauli juu, nikarudi na kalamu, mfuko na kadi za watu ambao sijawahi kuwapigia. Mume wangu ananicheka hadi leo. Sasa kuna kongamano jingine, kiingilio Sh12,000. Je, ushauri huu una maana, au ni maneno ya watu wa kuuza tiketi? Na kama una maana, mtu kama mimi aende wapi?"

Dada, shemeji ana haki ya kucheka mfuko na kalamu, ila ushauri wenyewe asiucheke. Una ukweli ndani yake, shida ni kwamba mlipewa nusu. Mliambiwa muende kwa watu wa kazi nyingine, hamkuambiwa muende na swali gani wala muwatafute watu wa kazi ipi. Mtu akienda hivyo husikiliza hotuba nzuri, hunywa chai ya saa nne, akarudi nyumbani alivyokwenda.

Unasema unatafuta mawazo mapya. Nikisoma maelezo yako simwoni mtu aliyekosa mawazo. Namwona mtu ambaye kazi ya mwaka mzima inamwangukia ndani ya wiki chache, na pesa ya mteja inamfikia siku ile ile nguo inapotakiwa, kwa hiyo hawezi kuanza mapema hata kama mikono ipo. Hilo ni jambo moja, linaelezeka, na wewe si wa kwanza kukutana nalo. Kuna watu hapo hapo Nakuru walilitatua zamani, tena hawajawahi kushika mkasi wa fundi.

Kwa nini mafundi wenzako hawakukusaidia? Si kwamba wana choyo. Mnanunua kitambaa kwenye maduka yale yale, mlifundishwa kazi na watu waliofundishana wenyewe kwa wenyewe, na Januari inawapiga wote siku moja. Anachokijua mmoja, wengine wamekijua kabla jua halijatua. Mkikutana mnapeana pole, na pole si kitu kibaya, lakini hailipi kodi.

Kuna utafiti wa mwaka 2014 ninaopenda kuutaja hapa, wa Nikolaus Franke, Marion Poetz na Martin Schreier. Waliwachukua maseremala, waezekaji wa mapaa na watu wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu. Makundi haya hayana uhusiano wowote, isipokuwa wote wana kifaa cha usalama wanachokiona kero hata hawataki kukivaa: seremala ana barakoa ya vumbi, mwezekaji ana mkanda wa kumzuia asianguke, mtelezaji ana kinga ya goti. Kila kundi liliulizwa litawezaje kukiboresha kifaa chake na vifaa vya wengine. Mawazo ya watu wa nje yalitoka mapya zaidi kuliko ya wenye kazi, na kadiri kazi mbili zilivyokuwa mbali ndivyo upya ulivyozidi.

Wauza tiketi huishia hapo. Utafiti ule ule ulionyesha pia kwamba mawazo hayo ya kutoka mbali hayakuwa tayari kutumika mara moja kama ya wenye kazi. Yalihitaji kufanyiwa kazi kwanza. Tena angalia kwamba makundi yale hayakuokotwa tu barabarani. Yalichaguliwa kwa sababu yana taabu moja. Kwa hiyo kwenda mbali peke yake hakukupi kitu. Unatafuta mtu aliye mbali na kazi yako lakini anayeumwa unapoumwa.

Ndiyo maana kongamano la Kisumu halikukufaa, na hapo huna wa kumlaumu, hata nafsi yako. Mtu anayetengeneza programu ya simu akishamaliza, kuipeleka kwa mtumiaji wa elfu moja hakumgharimu zaidi ya kuipeleka kwa wa kumi. Yeye hakosi usingizi kwa sababu wateja wamekuja wengi mno kwa wiki moja, anakosa usingizi kwa sababu hawajaja. Mngekaa meza moja siku tatu mkaelewana vizuri sana, na bado asingekuwa na jibu lako.

Linganisha na Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota nchini Japani. Alikuwa akisumbuliwa na vipuri: vingine vinarundikana kiwandani, vingine havipo vinapohitajika. Habari za supamaketi za Marekani alikuwa amezisikia tangu miaka ya 1940, kwamba mteja anachukua anachotaka kwenye rafu, na rafu inajazwa kwa kiasi kile kilichoondoka. Alipozuru Marekani mwaka 1956 alitembelea viwanda vya magari, lakini kilichomkaa moyoni ni supamaketi. Mamilioni ya watu walikuwa wakiingia kwenye maduka hayo kila wiki wakitoka na maziwa na mkate tu. Yeye aliingia na swali alilokuwa ametembea nalo miaka.

Basi chukua karatasi uandike taabu yako bila kutaja nguo, cherehani wala shule. Mimi ningeiandika hivi: wateja wote wanataka bidhaa wakati mmoja, siwezi kuitengeneza kwa makisio kwa sababu kila moja ina mwenyewe, na wanalipa wanapoichukua. Sasa jiulize nani mwingine anaishi hivyo.

Wa kwanza kunijia ni mwenye kutotolesha vifaranga. Yai la kuku likiingia kwenye mashine ni siku 21. Huwezi kuliharakisha kwa sababu mteja amepiga simu, wala huwezi kulichelewesha kwa sababu hajapata nauli. Na kifaranga wa siku moja akitoka anataka joto na chakula siku hiyo hiyo, kwa hiyo kila asiyechukuliwa anaanza kula pesa. Mwenye mashine mwenye akili hajazi trei kwa makisio. Jina la mteja linatangulia, idadi, arbuni kwa M-Pesa, tarehe ya kuchukua, ndipo mayai yanaingia. Nakuru hamna uhaba wa watu hawa, na kituo cha Naivasha cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kinajulikana nchi nzima kwa kuku wa kienyeji walioboreshwa. Kwenye shoo ya Nakuru, ile ya kilimo ambayo kwa kawaida huwa Julai, utawakuta na mashine yenye kioo, watoto wamejazana mbele kutazama yai linavyopasuka. Waache watoto na kioo chao. Wewe omba kuonyeshwa daftari la oda.

Ukishaliona, usiulize wanauzaje. Uliza, "Mteja aliyelipa arbuni asipotokea, mnafanyaje?" Mwingine atakuambia anakata arbuni yote. Mwingine atasema anasubiri mpaka saa fulani, halafu anampigia anayefuata kwenye orodha. Mwingine ataguna tu, na mguno huo nao ni jibu. Uliza arbuni wanaipangaje, kwa nini iwe kiasi kile. Uliza mwaka jana waliharibikiwa wapi. Ukiuliza hivyo unajifunza kazi inavyokwenda, na ukiuliza bei utapewa karatasi ya matangazo.

Sasa ndiyo ile kazi ya kulitengeneza wazo kabla halijatumika, maana ukilihamisha lilivyo litakuumiza. Kifaranga asipochukuliwa, jirani atamnunua jioni hiyo hiyo, kwa sababu hana nembo ya shule kifuani. Sketi ya rangi ya shule fulani haina mteja wa pili. Kwa hiyo arbuni yako haiwezi kuwa ya kuonyesha nia tu, lazima itoshe angalau kununua kitambaa, zipu na uzi wa nguo ile. Hapo ukipoteza, umepoteza jasho, hukupoteza mtaji. Jambo la pili, kifaranga hakui kabla hajazaliwa, lakini mtoto uliyempima Oktoba si yule utakayemvisha Januari. Ningekata na kuunga sehemu kubwa ya nguo Novemba na Desemba, niache pindo pana, kiuno na vifungo vya mwisho mpaka mtoto aje mwenyewe. Januari itabaki kazi ya dakika chache kwa kila nguo. Na jambo la tatu, mzazi atakuuliza anapata nini kwa kulipa mapema. Mnunuzi wa vifaranga analipa kwa sababu anajua asipolipa atakosa. Wazazi wako hawajazoea kukosa, wamezoea kukusukuma mpaka uwashonee usiku. Ukianza mpango huu na bado ukawashonea usiku wale wasiolipa, kwa bei ile ile, utakuwa umeuua mwenyewe kwa mkono wako.

Unaona wafuga kuku hawakukupa jibu lililokamilika. Walikupa sehemu moja nzuri, tatu ukazitengeneza wewe. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara.

Kuna wazo jingine utalikuta njiani na litakuvutia, nalo nakuomba ulipite. One Acre Fund ilianzia Bungoma mwaka 2006, na wakulima wengi wa magharibi wanaijua kwa kuwapa mbegu na mbolea kwanza, kisha wakalipa mdogo mdogo msimu ukiendelea. Utasema, mbona nami nisiwape wazazi sare Januari wanilipe hadi Agosti? Kwa nje yanafanana. Lakini nyuma yao kulikuwa na vikundi vya wakulima waliojuana, maofisa wanaotembea vijijini, na wafadhili wenye mfuko mkubwa wa kubeba pengo. Wewe nyuma yako kuna mwenye nyumba. Chukua ile sehemu ya kulipa mdogo mdogo, lakini igeuze, malipo yatangulie nguo. Mama wa Molo anaweza kukutumia Sh200 kila siku ya soko kuanzia Julai bila kuumia, na Novemba arbuni imetimia.

Nimetaja Molo kwa sababu. Wateja wako ni wakulima, na wewe huwa unawaona Januari tu wakiwa wamekwishatoa karo. Nenda kwenye siku za wakulima, zile za Njoro hasa, ambako kuna Chuo Kikuu cha Egerton na kituo cha KALRO cha utafiti wa ngano. Utakuwa umetoka nje ya kazi yako na bado uko katikati ya wateja wako. Sikiliza viazi vinavunwa lini na na wakulima wa pareto wamelipwa lini. Upande wa Kuresoi kuna majani chai, na wakulima wa KTDA, shirika linalosaga na kuuza chai ya wakulima wadogo, hupata bonasi karibu na Oktoba. Fundi anayejua mwezi ambao mzazi ana pesa mfukoni ana kitu ambacho hakifundishwi kwenye warsha yoyote ya mitindo. Kiingilio cha siku hizo aghalabu ni bure, unagharamia nauli na saa zako.

Kuhusu miezi ya ukame, Machi kuendelea, tafuta watu waliozoea kufungiwa. Ukiwa Kisumu tena, badala ya ukumbi wa hoteli nenda uzungumze na kina mama wa omena. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, kwa hiyo miezi minne isiyo na mzigo mpya kwao imo kwenye kalenda kabla mwaka haujaanza. Waulize Machi wanafanya nini. Wako wanaoweka magunia yaliyokaushwa vizuri, wako wanaogeukia bidhaa nyingine, na wako ambao chama chao kinagawa pesa wakati huo huo kwa makusudi. Hilo la chama lingenivutia mimi kuliko yote. Kama chama chenu kinagawa Desemba, kinawapa pesa wakati ambao biashara yako inakaribia kuingiza, na kinakuacha mkavu Mei.

Nitasema na jambo ambalo wapangaji wa makongamano hawawezi kulisema. Watu wa Kisumu, Siaya na Vihiga wana shule kubwa ya kupanga kazi, na ni kamati ya matanga. Tarehe haisogei, idadi ya watu haijulikani, pesa inaingia vipande vipande, na bado hema linasimama, watu wanakula, na hesabu inasomwa mbele ya wote, kila jina na kiasi chake. Sisemi uende matangani kuwinda biashara, hiyo ni aibu. Nasema siku utakapokuwapo kwa sababu ya kuwapo, tazama yule anayeshika daftari. Kusoma majina hadharani peke yake kunaharakisha michango kuliko simu kumi za kukumbusha, na kamati ya wazazi ya shule inaweza kukubali utaratibu unaofanana na huo ukiufikisha kwa heshima.

Kuhusu namna ya kutembea kwenye shoo, sina mengi. Usiende asubuhi ya siku ya wageni wakubwa, kila mtu amepangwa mstari. Nenda siku ya mwisho alasiri, watu wamechoka, mwenye biashara yupo kibandani mwenyewe, na hana tena nguvu za kupamba maneno. Kijana wa fulana ya kampuni anajua kilicho kwenye karatasi, usimchoshe. Kadi za biashara usizikusanye. Afadhali namba ya mtu mmoja uliyezungumza naye nusu saa, tena umtumie ujumbe wiki hiyo hiyo kumwambia umelijaribu lile alilokwambia. Kalamu na mfuko chukua, ni haki yako.

Sh12,000 usizitoe. Ningekuambia vinginevyo kama ungenionyesha kwenye ratiba yao mtu mmoja anayeumwa unapoumwa, mwenye kukodisha mahema, muuza mbegu, mwenye kuoka keki za harusi, na ungekuwa na uhakika wa kukaa naye. Wazungumzaji maarufu hawahesabiki hapo. Kwa pesa hiyo unaweza kwenda shoo, Njoro na Kisumu, ukanunue na madaftari ya oda. Faida moja ya makongamano ya bei siikatai: ukitaka kuuza sare kwa shule kubwa za binafsi, wamiliki wake huja huko. Lakini hiyo ni kutafuta soko, na hukuuliza hilo.

Mwaka huu jaribu kwa shule moja tu kati ya zile unazozishonea, ile ambayo mwalimu mkuu anakuheshimu. Omba nafasi kwenye mkutano wa wazazi wa muhula wa tatu, kabla ya kufunga. Mpango uwe wa hiari. Mzazi anayetaka kushonesha kwingine ashoneshe, na usikubali mtu yeyote shuleni awalazimishe wazazi kwa niaba yako, hata akikwambia ni kwa wema. Arbuni ipokelewe kwa risiti, iende kwenye namba tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani. Ukipata oda chache Januari yako haitabadilika sana, lakini utakuwa umejua wazazi wanabisha wapi, na mwakani utakwenda shoo na swali kali zaidi.

Hapa kuna mpaka ambao mimi siwezi kuuvuka nikiwa mbali. Keti uhesabu Januari mbili zilizopita: kitambaa, mishahara ya vibarua, umeme, kilichobaki. Ukiona kwamba hata ukijaa kazi hubaki na kitu, tatizo ni bei, na hakuna hafla ya mtu yeyote itakayolitibu. Na kama una deni la sako, mkopo wa simu au mkopeshaji wa mtaani, usipokee arbuni ya mzazi hata mmoja kabla hujaonana na mtu wa hesabu ana kwa ana, kwa sababu pesa ile italipa deni la zamani na Januari watoto watakuwa hawana nguo. Afisa wa biashara wa kaunti, ofisi ya Mamlaka ya Biashara Ndogo, ile inayoitwa MSEA, au tawi la Nakuru la KNCCI, chama cha wafanyabiashara na wenye viwanda, wanaweza kukuelekeza kwa mshauri. Na shule ikitaka mkataba wa maandishi, mpe wakili ausome kabla hujatia sahihi, hasa kifungu cha nani anawarudishia wazazi pesa mambo yakiharibika. Uendapo kwa mshauri beba daftari la oda, risiti za kitambaa, taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, na orodha ya madeni yote, hata yale usiyopenda kuyataja.